Kufuli Mlangoni, Mchanga Mtoni

  

 Juma hili tunaandika juu ya swali tuliloulizwa mbali na pwani, nalo limetukaa moyoni tangu siku hiyo.

Mwezi wa Agosti tulialikwa Kitui kutoa darsa kwa akina mama baada ya swala ya Alasiri. Darsa ilipokwisha na watu kutawanyika, mama mmoja alibaki ameketi kando ya nguzo. Alipotoa salamu, lafudhi yake ilitujulisha kuwa ni mtu wa kwetu. Aliolewa huko, na nyumba yao i katika kijiji kilicho kando ya mto wa mchanga.

"Sheikh," alisema, "nina swali, lakini naona haya."

"Sema, binti yangu," tukamjibu. "Anayeuliza kwa ajili ya dini yake hana la kuonea haya."

Akaeleza. Ana mtoto wa kiume wa miaka 6. Hasemi ila maneno matatu manne. Akiitwa jina hageuki, lakini mlio wa pikipiki iliyo mbali humfanya azibe masikio na kupiga mayowe. Kila jioni ya kiangazi hukimbilia mtoni, akaketi mchangani, akauchota na kuumimina kati ya vidole huku akivumisha sauti moja kooni, na hapo ndipo anapotulia. Baadhi ya jamaa husema ana jini wa mtoni. Vuli iliyopita mtoto alitoroka akaelekea mtoni kama alivyozoea, na maji yalikuwa yameshafika. Kijana aliyekuwa akichunga mbuzi ndiye aliyemdaka.

"Tangu siku hiyo," alisema, "nikienda shamba humtia chumbani na kufunga kufuli. Hulia mpaka sauti ikamkauka. Nami hulima huku nalia. Je, Sheikh, napata dhambi?"

Siku ile tulimpa jibu fupi na kumwahidi refu. Haya ndiyo jibu refu, na ameturuhusu kulitoa hadharani bila kumtaja. Tumeona vyema kuliandika kwa wasomaji wa pwani kwa sababu mbili. Kwanza, Ukambani si ugenini kwetu. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka na pembe hadi Mombasa, na wafanyabiashara wa pwani wakapanda hadi Kitui. Leo garimoshi linasimama Mtito Andei, Kibwezi na Emali, na wengi wetu tuna mashemeji na wajukuu huko. Pili, kufuli kama lile liko pia katika milango ya kwetu, ila sisi tuna kuta nene zaidi na kilio hakisikiki nje.

Si jini, wala si kosa la mama

Hali aliyoieleza mama yule, madaktari huiita usonji. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si adhabu. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema mno, na alama zake huonekana katika miaka ya mwanzo ya mtoto: kuchelewa kusema, kutogeuka anapoitwa, kutotazamana na watu kwa njia tuliyoizoea, kurudia jambo moja mara nyingi, na kutaka kila siku ifanane na ya jana. Daktari Leo Kanner alieleza hali hii nchini Marekani mwaka 1943, akiandika juu ya watoto 11. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu 1 katika kila 127 duniani alikuwa na usonji. Basi katika mtaa wowote wenye chuo cha Qur'ani na msikiti wake, wamo.

Majirani wa mama yule wanamlaumu kuwa alikanyaga pasipokanyagwa. Tusiwacheke. Katika miaka ya 1950 na 1960 walikuwako wataalamu wenye vyeti vikubwa, huko Ulaya na Marekani, waliodai kuwa usonji wa mtoto hutokana na mama asiyempenda mwanawe. Akina mama wengi walibeba lawama hiyo mpaka elimu iliyofuata ilipoibatilisha. Ujinga hauna bara wala pwani. Kinachotakiwa ni kuuacha mtu anapojua.

Na juu ya jini tunasema hivi, nasi tumesomea vyuoni tangu utotoni. Tunaamini kuwa majini wako, kwani imo katika Kitabu. Lakini kila jambo tusilolielewa kulitia katika mfuko wa majini si imani, ni uvivu. Kumsomea mtoto Qur'ani kwa sauti ya upole na kumwombea dua ni jambo jema, na afanyiwe. Kumpiga ili jini atoke, kumfukiza moshi hadi akakohoa, kumfunga kamba au kumnyima chakula, hicho si kisomo. Ni dhuluma kwa kiumbe asiyeweza kujisemea, na atakayeifanya ajiandae kuulizwa.

Milango saba ya fahamu

Sote tulifundishwa milango mitano ya fahamu: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Wataalamu huongeza miwili iliyo ndani ya mwili. Mmoja uko ndani kabisa ya sikio, nao hutuambia kama tumesimama wima, tumeinama au tunazunguka. Ndio unaomlaza mtoto mchanga kwenye pembea. Wa pili umo katika misuli na viungo, nao hutuambia mkono uko wapi na unasukuma kwa nguvu kiasi gani. Kwa mlango huo twaweza kuitia kijiko kinywani gizani.

Kwa watoto wengi wenye usonji milango hii haikufunguliwa kwa kipimo kimoja. Mmoja uko wazi mno, na mwengine umeshindikwa. Ndiyo sababu mtoto yule yule huteswa na pikipiki iliyo mbali, na papo hapo hasikii jina lake. Lebo ya kanzu mpya humwasha kama upupu, lakini akijigonga ukutani halii. Huzunguka, huruka, hujigaragaza, hupepesa viganja vyake. Sisi huona utundu, kumbe anautafutia mwili wake habari ambazo haukuzipata. Jambo hili si dhana ya mitaani. Mwaka 2013 madaktari wa Marekani waliliingiza rasmi katika orodha ya alama zinazotambulisha usonji.

Basi mchanga wa mtoni, kwa mtoto wa mama yule, si jini linalomwita. Una uzito ule ule, joto lile lile na sauti ile ile kila siku, nao hautaki ajibu lolote. Katika ulimwengu unaompigia kelele, pale amepata pahali panaponong'ona.

Mwaka wa Kitui na Makueni

Sisi huujua mwaka kwa pepo, kusi na kaskazi. Wenzetu wa Ukambani huujua kwa mvua. Ardhi yao ni kavu, mvua ni mbili, na ile ya vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ndiyo wakulima wengi huitegemea zaidi kuliko masika. Kila msimu una kazi zake, na tulipozitazama kazi hizo kwa jicho la mtoto mwenye usonji tuliona kuwa Mwenyezi Mungu amewawekea wazazi wa huko kiwanja kipana kisicho na ada.

Kuanzia Juni hadi Oktoba mito hukauka. Nzeeu na Tiva huko Kitui, Kaiti na Thwake huko Makueni, huwa njia pana za mchanga. Huu ndio wakati wa mtoto kutembea peku mtoni, kuchimba, kujaza kikopo na kukimwaga, kuvuta tawi refu na kuchora mstari. Ni wakati pia wa mbaazi, hizi hizi tunazozipika kwa nazi asubuhi. Mwache atie mikono yake miwili katika ungo wa mbaazi kavu, azikoroge, azisikilize zikianguka kwenye sufuria. Maji ya kunywa huchotwa katika visima vinavyochimbwa mtoni, na mtoto anayebeba kidumu chake kidogo cha lita 2 kutoka kisimani hadi nyumbani hujua mwisho wa mikono yake uko wapi. Wataalamu huamini kuwa kazi ya kusukuma, kuvuta na kubeba huutuliza mwili wa mtoto wa namna hii, na akina mama walilijua hilo kabla ya vitabu.

Kabla ya vuli watu hutengeneza matuta ya kuzuia udongo, yale yanayojulikana hata ng'ambo kwa jina lake la Kiswahili, fanya juu, kwa kuwa mchanga wa mtaro hutupwa upande wa juu. Kazi nyingi hufanywa kwa mwethya, yaani ushirika wa majirani wanaosaidiana kwa zamu. Kwa mikono hiyo yamejengwa mabwawa mengi ya mchanga ya Ukambani. Hapo mtoto hupewa jiwe dogo, akalipeleka kwenye rundo, akarudi kuchukua jengine. Njia ni moja, kazi ni moja, mwanzo na mwisho vinaonekana. Zaidi ya hayo, yuko na watu. Hazungumzi nao, lakini ni mmoja wao, na jiwe lake limo ukutani.

Vuli ikifika, mambo hugeuka. Mvua juu ya mabati huwa kishindo kikubwa, radi humtisha, kumbikumbi hujaa taani. Watoto wengine hufurahi; mtoto huyu huenda akajificha chini ya kitanda. Mwekee pembe moja ya nyumba iliyo kimya, umpe shuka nzito ya kujifunika, na mto wa kukumbatia. Mvua ikiisha na radi zikinyamaza, kuna tope la kukanyaga uani na kufinyanga. Huu pia ni wakati wa kazi za ndani: kusokota nyuzi za mkonge za kutilia kiondo, kama vile kwetu mtoto angepewa ukili wa mkeka. Vidole hushughulika na moyo hutulia.

Mwishoni mwa mwaka na mwanzo wa mwaka mpya ni zamu ya maembe, hasa Makueni. Embe ni darasa zima: laini na gumu, harufu, rangi, utamu. Asilazimishwe kula. Siku ya kwanza alitazame, ya pili alinuse, ya tatu alibonyeze, na huenda mwezi ukapita kabla ya kulionja. Januari na Februari huvunwa ndengu, ambazo sisi twaziita pojo. Kupura kwa fimbo, kupepeta kwa ungo, kutwanga mahindi ya muthokoi kinuni: zote ni kazi za mwili mzima, zenye mapigo yanayorudiarudia, na mtoto anayependa marudio hupata humo kile anachokipenda, tena chenye faida. Kisha masika, kuanzia Machi, huturudisha kwenye mvua na tahadhari zake.

Nanyi mlio pwani, msiseme hayo ni ya Wakamba. Mna mchanga wa ufuoni wakati wa maji kupwa, mna mbuzi ya kukunia nazi, mna kinu, mna pembea chini ya mwembe. Kilichokosekana si vifaa, ni ruhusa.

Mto ukifungwa, mchanga usifungwe

Hapa ndipo penye uzito wa swali la mama yule, na hatutaki kulipita. Mto unaomtuliza mwanawe mwezi wa Agosti ndio ule ule unaoweza kumuua mwezi wa Novemba. Mito ya Ukambani hujaa ghafla. Mvua hunyesha milimani, na huku chini jua linawaka, mara maji yashafika. Sote twakumbuka tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowachukua watu kwenda harusini liliposombwa katika Mto Enziu karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Hao wengi wao walikuwa watu wazima wenye akili zao. Mtoto mwenye usonji mara nyingi huvutwa na maji wala hajui hatari yake, na huko Marekani imebainika kuwa kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto hawa. Hata wakati wa kiangazi mna hatari: kuta za visima vya mchanga huporomoka, na wachimba mchanga huacha mashimo, ingawa Makueni ilitunga sheria yake ya kuulinda mchanga tangu mwaka 2015. Kwa hiyo hofu ya mama si upungufu wa imani. Ni elimu aliyoipata kwa macho yake.

Lakini mtoto hajui kalenda. Kwake yeye, jana mto ulikuwa wake, na leo mlango umefungwa bila ya sababu. Kinachomliza chumbani si ukaidi. Ameondolewa kitu kimoja kinachomtuliza, na hakuna aliyemwambia wala kumpa badala yake. Basi tulimshauri mama yule, baada ya kuzungumza na wanaojua kazi hii, mambo haya.

Ayatangulie mabadiliko. Kabla ya Oktoba, watie mchanga mkavu, safi, katika magunia mawili na kuuweka ndani. Mvua zikikaribia, kila jioni saa ile ile aliyozoea kwenda mtoni, mchanga umiminwe katika karai kubwa barazani, naye acheze hapo, kwanza kwa siku chache huku bado anakwenda mtoni, kisha barazani peke yake. Mto ukifungwa, mchanga usifungwe.

Amwambie kwa macho, kwani maneno hayamfikii vizuri. Achore kwa makaa juu ya kipande cha boksi: picha ya mto, picha ya mvua, picha ya karai. Asubuhi amwonyeshe ni ipi ya leo. Kwanza hili, kisha lile. Mtoto anayejua kinachokuja hana haja ya kupigana nacho.

Mchezo uwe na mwanzo, muda na mwisho. Dakika 15 au 20 zatosha kuanzia, saa ile ile kila siku. Dakika chache kabla ya kumaliza, apige kofi mara tatu au aimbe neno lile lile. Amfuate mtoto badala ya kumwongoza: akimimina, naye amimine kando yake; akicheka, acheke. Akikataa kugusa kitu, asimshike mkono kwa nguvu. Na asiondoke machoni pake. Kuna watoto wanaokula mchanga. Nafaka ndogo huingia puani na masikioni. Utomvu wa embe huunguza ngozi. Na kidumu cha maji kisizidi uzito wa mwili mdogo.

Tena asiwe peke yake. Majirani waonyeshwe mtoto, wajue jina lake, na wajue kuwa akionekana anaelekea mtoni asiulizwe swali bali ashikwe mkono arudishwe. Kijana mchunga mbuzi aliyemwokoa mara ya kwanza hakutumwa na mtu. Mtoto anayefichwa hana anayemtambua siku akipotea.

Wala tusikudanganyeni. Michezo hii haiondoi usonji. Uko utafiti uliofanywa Uingereza, ukatangazwa mwaka 2022, uliolinganisha watoto waliopewa tiba maalumu ya milango ya fahamu kwa wataalamu na watoto waliopata huduma ya kawaida. Tabia za kundi la kwanza hazikuonekana kuwa bora kuliko za la pili. Kwa hiyo atakayekuuzia mchanga wa rangi au mpira wa bei ghali kwa ahadi ya kumponya mwanao, mwambie abaki nao. Tunayoyaeleza hapa si dawa. Ni njia ya mtoto kuishi siku yake kwa utulivu, kuwa pamoja na watu wa nyumbani, na kujifunza kidogo kidogo kazi za mikono yake. Shirika la Afya Duniani nalo linawafunza walezi kuutumia mchezo na kazi za kila siku za nyumbani kuwa darasa la mtoto, na mafunzo hayo yamefanyiwa majaribio hapa Kenya na Ethiopia.

Zaidi ya hayo mtoto apimwe. Tangu mwaka 1984 serikali yetu ina vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu na kuelekeza shule zinazowafaa. Uliza ofisi ya elimu iliyo karibu nawe. Katika hospitali kubwa za kaunti muulize mtaalamu anayewafundisha watoto kuutumia mwili kwa kazi za kila siku kama kula, kuvaa na kuoga. Chama cha Usonji cha Kenya kilianzishwa mwaka 2003 na wazazi waliokuwa na watoto hawa hawa. Na Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na ya kupata elimu. Si sadaka mnayoiomba.

Nafasi yake katika safu zetu

Baadhi ya wazazi hutuambia kuwa hawamleti mtoto msikitini wala chuoni kwa sababu hatulii. Twawakumbusha mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, akimweka chini aliposujudu na kumbeba alipoinuka. Alirefusha sijida kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, akachukia kumharakisha. Alifupisha swala aliposikia kilio cha mtoto, akimhurumia mama yake. Swala ya mbora wa viumbe ilikuwa na nafasi ya mtoto anayepanda, anayening'inia na anayelia. Swala zetu sisi zina utukufu gani hata zisiwe nayo?

Na msisahau sababu ya kuteremshwa mwanzo wa Surat 'Abasa. Alikuja kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, wakati Mtume anashughulika na wakubwa wa Makureshi, na kwa ajili ya kipofu yule ukateremka wahyi wa kumwelekeza Mtume mwenyewe. Ikiwa hali ni hiyo kwa aliyekuja na swali lake mdomoni, itakuwaje kwa asiyeweza kuliuliza?

Neno moja kwa akina baba. Tulipomuuliza mama yule kama mumewe huenda na mtoto mtoni, aliinama. Ndugu zangu, mtoto si wa mama peke yake anapokuwa na shida na wa ukoo mzima anapofaulu. Kubebwa begani, kusukumwa pembeani, kubiringizwa juu ya mkeka, kazi hizo zataka mikono yenye nguvu, na mikono hiyo ni yenu. Dakika 20 baada ya Alasiri hazitakupunguzieni riziki.

Sasa turudi kwenye kufuli. Jibu letu kwa mama yule lilikuwa hili: Binti yangu, uliyemfungia kwa kuhofia maji hukukusudia kumdhulumu, na Mola wako ayajua yaliyo moyoni kuliko sisi. Lakini wanazuoni wetu wameweka kanuni kuwa madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Mtoto aliyefungiwa peke yake huweza kuungua, kuumia au kuzimia, na wewe uko shamba. Umekwisha kujua sasa, na anayejua huulizwa zaidi ya asiyejua. Basi lifungue kufuli, na mahali pake uweke mtu.

Majuma machache yaliyopita alitupigia simu. Vuli imeanza huko. Karai liko barazani, na nyanya yake mtoto, ambaye kwanza ndiye aliyenena habari za jini, huketi naye akichambua pojo wakati mama yuko shamba. Siku tatu za mwanzo alipiga kelele na kuupindua mchanga wote. Siku ya nne aliumimina. Bado hasemi zaidi ya maneno yake matatu manne, na siku za mvua kubwa bado ni ngumu. "Na kufuli, mama?" tukamuuliza. Akasema amelitia kwenye kilango cha ua upande wa mtoni, nalo hufungwa mto ukiwa na maji, na baba mtu ndiye mwenye ufunguo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape subira na maarifa wazazi wote wenye amana hizi, awalinde watoto wetu na maji na moto na maneno ya watu, na atujaalie sisi majirani tuwe macho ya pili kwao. Amin.